Sura ya Saba: Hifadhidata Iliyogoma Kuwaka

Unaandika psql, unabonyeza Enter, na badala ya kukaribishwa unaambiwa kwamba soketi iliyopaswa kuwa ndani ya /var/run/postgresql haipo. Kisha mashine inakuuliza, kwa upole unaokera, kama kweli seva inafanya kazi. Hapo ndipo wengi hukimbilia kusanidua. Programu inaondolewa, inasakinishwa upya, inagoma vilevile. Inaondolewa tena, safari hii kwa apt purge, na kila swali linalotokea kwenye skrini linajibiwa ndiyo bila kusomwa. Mojawapo ya maswali hayo lilikuwa linauliza kama saraka za data nazo zifutwe.

Sura hii inahusu PostgreSQL, na kwa kiasi fulani MySQL, zinapogoma kuwaka ndani ya Linux iliyopachikwa kwenye Windows, ile inayoitwa WSL. Nimeichagua WSL kwa sababu ndiko wanafunzi wengi wanakoanzia. Kompyuta ni moja, ilikuja na Windows, pengine imenunuliwa kwa mtu ikiwa imeshatumika, na mwenyewe hathubutu kuifuta ili aweke Linux tupu. Lakini ipo sababu nyingine. Humo ndani makosa yote ya kawaida ya Linux yapo, halafu yanaongezeka ya mahali penyewe. Aliyezoea kuiwasha hifadhidata humo haiogopi seva ya kukodi.

Msimamo wangu ni huu: hifadhidata ikigoma kuwaka, karibu kila mara imeshasema sababu. Imeisema mahali fulani, kwa sauti ndogo, na wewe umesimama pengine. Kwa hiyo maswali yanayostahili kutangulia ni mawili tu. Uko upande gani wa mashine? Na sababu imeandikwa wapi?

Upande gani, kwa sababu WSL si kitu kimoja. Microsoft ilipoitangaza mwaka 2016, haikuwa na kiini cha Linux hata kidogo. Programu ya Linux ilipoomba huduma kwa kiini, ombi lilipokelewa na safu ya katikati na kutafsiriwa kwa kiini cha Windows. Maombi mengi yalitafsirika, machache hayakuwa na wa kuyajibu. Mojawapo liliitwa sync_file_range, ambalo PostgreSQL hulitumia kuihimiza diski ianze kuandika data mapema badala ya kusubiri zirundikane. WSL ilijibu kwamba kazi hiyo haipo. PostgreSQL ikaandika onyo kwenye logi, ikaandika tena, ikaendelea kuandika onyo lilelile bila kuchoka, lakini kazi ilifanyika.

Mwaka 2018 watunzi wa PostgreSQL waligundua jambo la kutisha kuhusu Linux yenyewe. Programu inapotaka hakika kwamba data imefika kwenye diski, hutumia ombi la fsync. Ilionekana kwamba ombi hilo likishindwa, Linux inaweza kuihesabu data ile kama imeshashughulikiwa, hivyo ukiuliza mara ya pili unajibiwa kwamba mambo ni salama ilhali data imepotea. Basi katika matoleo ya Februari 2019, likiwemo 11.2, wakaamua kwamba kushindwa kwa namna hiyo hakuvumiliki. Seva ijiangushe papo hapo, iwake upya na kujirekebisha kutoka kwenye rekodi zake. Uamuzi wa busara, ila uliligusa na ombi la sync_file_range, na ndani ya WSL ya kwanza onyo lililokuwa kero tu likageuka sababu ya seva kuanguka. Mei mwaka huohuo toleo la 11.3 lililegeza kamba: kiini kikisema hakijui ombi fulani, hilo si ajali ya diski. Hadi leo jina la WSL limo kwenye msimbo chanzo wa PostgreSQL, katika maelezo ya watunzi kuhusu mifumo isiyolijua ombi la sync_file_range.

Mtu aliyekumbwa na hali ile angeweza kusakinisha upya hadi asubuhi asipate kitu. Mafaili yake hayakuwa na kosa, mipangilio yake haikuwa na kosa. Alikuwa upande ambao kitu kile hakikuwepo. Ndiyo maana amri ya kwanza hata haiandikwi kwenye Linux. Fungua PowerShell uandike wsl -l -v, usome namba iliyo mwishoni mwa mstari. Ikiwa ni 2, una kiini halisi cha Linux kinachoendeshwa ndani ya mashine pepe, mpangilio uliotangazwa mwaka 2019 na kuwafikia watumiaji wote mwaka 2020. Ikiwa ni 1, mengi ya yanayofuata hayatakufaa mpaka uhamie 2, na sioni sababu ya kubaki 1 ikiwa unaendesha hifadhidata.

Ukishajua hilo, uliza aliye namba moja ni nani. Katika Linux kila mchakato una namba, na wenye namba 1 ndio unaoiamsha mingine. Kwenye Ubuntu ya kawaida kiti hicho kinakaliwa na systemd, kazi iliyoanzishwa na Lennart Poettering na Kay Sievers mwaka 2010, na amri ya systemctl si chochote zaidi ya kuzungumza nayo. Ndani ya WSL, kwa miaka mingi kiti kilikaliwa na programu ndogo ya Microsoft yenyewe. Mwanafunzi ananakili amri kutoka kitabu cha Ubuntu, anaandika sudo systemctl start postgresql, anajibiwa kwamba mfumo haukuwashwa kwa systemd, na anahitimisha kwamba PostgreSQL imeharibika. Haijaharibika. Hata haijaitwa. Sudo service postgresql start, amri ya kizamani inayotumia hati za /etc/init.d, ingeiwasha mara moja.

Systemd ililetwa rasmi kwenye WSL 2 Septemba 2022, miezi michache baada ya habari kutoka kwamba Poettering mwenyewe amehamia Microsoft. Leo Ubuntu mpya inayosakinishwa kwa wsl --install huja nayo tayari. Ya zamani unaiwashia katika faili la /etc/wsl.conf: kichwa boot ndani ya mabano ya mraba, chini yake systemd=true. Kisha unarudi PowerShell na kuandika wsl --shutdown. Kufunga dirisha la teminali hakutoshi, na watu hupoteza jioni nzima kwa kutojua hilo.

Lipo na lalamiko ninalolisikia zaidi ya yote: jana ilikuwa inawaka, leo imegoma, na sijagusa kitu. Mara nyingi ni kweli hakugusa kitu. Mashine pepe ya WSL 2 ikikaa bila kazi huzimwa, kwa kawaida baada ya kama dakika moja, na kuwepo kwa huduma za systemd hakuizuii kuzimwa. Ukifunga madirisha yote jioni, hifadhidata imelala pamoja nayo. Asubuhi Linux inaamka, lakini kama hakuna aliyeagizwa kuiamsha PostgreSQL, itabaki imelala. Hakuna ugonjwa hapo wa kutibu.

Tuseme sasa systemd ipo, umeagiza, na bado psql inalia. Unaandika systemctl status postgresql na unaona rangi ya kijani na neno active. Hapa Debian na Ubuntu zinawachanganya watu vibaya sana. Huduma inayoitwa postgresql katika mifumo hii ni mwavuli tu: ukiiwasha inaendesha amri isiyofanya chochote, inamaliza, inaripoti heri. Pembeni ya active utaona neno exited, na hilo ndilo lenye habari. Seva ya kweli ina jina refu, kwa mfano postgresql@16-main, kwa sababu Debian inaruhusu matoleo na seti kadhaa za data kukaa kwenye mashine moja. Sipendi mpangilio huu kwa anayeanza, ingawa naelewa ulivyozaliwa. Dawa yake ni amri ya pg_lsclusters. Inatoa jedwali fupi: toleo, jina la seti, poti, hali, mwenye mali, saraka ya data, na mwisho kabisa njia ya faili la logi. Ikiandika down, ni down, hata systemctl iseme nini.

Na ile safu ya mwisho ndiyo jibu la swali letu la pili. Fungua faili hilo, kwa kawaida /var/log/postgresql/postgresql-16-main.log, ila usiridhike na mstari wa mwisho. Mstari wa mwisho wa logi ya seva iliyokufa unasema tu kwamba seva imezimwa. Panda juu hadi kwenye neno FATAL au PANIC la kwanza la jaribio hilo, kisha soma na mistari ya DETAIL na HINT iliyo chini yake. Watunzi wa PostgreSQL huandika vidokezo vinavyosaidia, jambo lisilo la kawaida katika fani hii. Kama faili liko tupu, maana yake seva ilikufa kabla hata ya kulifungua, mara nyingi kwa kosa la uandishi kwenye postgresql.conf. Hapo iwashe kwa mkono, sudo pg_ctlcluster 16 main start --foreground, ili lalamiko litoke mbele ya macho yako. Usijaribu kuendesha programu ya postgres yenyewe ukiwa root. Itakataa, na imekataa kwa makusudi, ili anayeivamia seva asikabidhiwe mashine nzima.

MySQL ni ya maneno machache zaidi, lakini ina namba. Ujumbe wake kuhusu soketi ya /var/run/mysqld/mysqld.sock huishia na tarakimu kwenye mabano, na tarakimu hizo si mapambo. Ni namba za makosa za mfumo, na baadhi yake zimekuwepo tangu Unix ya miaka ya 1970. Namba 2 ni kwamba faili halipo, kwa hiyo seva haikuwaka au soketi imewekwa kwingine. Namba 13 ni ruhusa. Namba 111 ni kwamba soketi ipo lakini hakuna anayesikiliza upande wa pili, kama ilivyo seva inapokufa bila kufagia. Kwenye logi zenyewe utakutana na 28, diski imejaa, na 98, poti imeshachukuliwa.

Ruhusa ndilo tatizo lenye sura ya WSL hasa. Mtu anaona diski C ina nafasi, anaamua kuhamishia saraka ya data kwenye /mnt/c ili aione kupitia Windows pia. PostgreSQL inataka saraka yake isomwe na mwenyewe tu, yaani 0700, au tangu toleo la 11 isizidi 0750. Inakuta 0777 na inakataa kuwaka. Unaandika chmod 700, amri inapita kimya bila kulalamika, unatazama tena, bado 0777. Ni kwa sababu diski ya Windows haina pa kuandika ruhusa za Linux, isipokuwa umeiunganisha kwa chaguo la metadata. Lakini hata ukiliweka chaguo hilo, sikushauri. Katika WSL 2 kila usomaji wa /mnt/c unavuka kutoka mashine pepe hadi Windows kwa itifaki ya 9P, iliyorithiwa kutoka Plan 9, mfumo wa majaribio wa Bell Labs. Kwa kunakili picha inatosha. Kwa hifadhidata inayosoma na kuandika vipande vidogo mfululizo, ni mateso. Iache data kwenye /var/lib/postgresql ilikozaliwa.

Poti 5432 nayo ina hila zake. Ikiwa kuna PostgreSQL nyingine iliyosakinishwa upande wa Windows, katika WSL 1 zote mbili zinagombea poti ileile na ya pili kufika inakosa. Katika WSL 2 ya kawaida kila upande una mtandao wake, hivyo zote zinawaka vizuri, halafu programu yako ya Windows inaomba localhost na kuangukia ile ya Windows, ambayo haikutambui na inakukatalia nywila. Mtu anabadilisha nywila kwenye Linux mara kadhaa bila mafanikio, kwa sababu mlinzi anayemkataa yuko upande mwingine. Netstat -ano kwenye PowerShell na ss -ltnp kwenye Linux zitakuonyesha nani anasikiliza wapi.

Diski iliyojaa inahitaji neno moja la tahadhari. Df -h ndani ya WSL 2 inaweza kukuonyesha mamia ya gigabaiti zilizo wazi huku diski halisi ya Windows ikiwa imekwisha kabisa. Inachokisoma ni ukubwa ambao faili la ext4.vhdx linaruhusiwa kufikia, si nafasi iliyopo. Diski ya Windows ikiisha, Linux inapata makosa ya kuandika na inaweza kuigeuza diski yake kuwa ya kusoma tu, na hapo hakuna hifadhidata itakayowaka. Tena ukifuta mafaili ndani ya Linux, lile faili la vhdx kwa kawaida halisinyai lenyewe. Safisha upande wa Windows kwanza.

Nikupitishe haraka kwenye lugha, kwa sababu inawahusu wasomaji wa kitabu hiki. Linux inazo lokali za Kiswahili, sw_TZ na sw_KE. Hifadhidata ikiundwa kwenye mashine iliyowekwa sw_TZ, jina hilo linaandikwa kwenye postgresql.conf, kwenye mistari inayoanza na lc. Ukihamisha mipangilio hiyo kwenye Ubuntu mpya ambayo haijatengenezewa lokali hiyo, seva inasema thamani ya lc_messages si sahihi na inagoma. Sudo locale-gen sw_TZ, na yamekwisha.

Kilichobaki ni mafaili ya kutofuta. Ndani ya saraka ya data kuna postmaster.pid, lenye namba ya mchakato wa seva. Mashine ikizimwa ghafla linabaki, na kwa kawaida PostgreSQL inaligundua kuwa la zamani na kuendelea. Mara chache inashindwa na kudai seva nyingine inatumia data hizo. Ushauri unaozagaa ni kulifuta. Kabla hujalifuta tafuta kwa ps kama kweli hakuna mchakato wa postgres unaoishi, maana seva mbili juu ya data moja zitaiharibu bila kukuaga.

Halafu kuna WAL. Mwenye duka mwenye wateja wengi haandiki kila mauzo kwenye kitabu kikuu papo hapo. Anaandika kwenye daftari la mezani, mstari kwa mstari, na baadaye ndipo anahamisha. PostgreSQL inafanya hivyohivyo: mabadiliko yanaandikwa kwanza kwenye mafaili ya WAL, kwa kawaida ya megabaiti 16 kila moja, kisha yanahamishiwa kwenye majedwali kwa wakati wake. Umeme ukikatika, seva ikiamka inasoma daftari na kumalizia yaliyokuwa hayajahamishwa. Kazi hiyo inaweza kuchukua muda, na wakati huo kila anayebisha hodi anaambiwa mfumo bado unawaka. Wapo wanaoiua seva hapo wakidhani imekwama, na kuilazimu ianze kusoma upya.

Hadi toleo la 9.6 saraka ya daftari hilo iliitwa pg_xlog. Watu walioishiwa diski waliona log ndani ya jina, wakadhani ni logi za kawaida za kusoma na kutupa, wakazifuta. Hifadhidata zao hazikuwaka tena. Ilitokea mara nyingi kiasi kwamba katika toleo la 10, la mwaka 2017, jina lilibadilishwa kuwa pg_wal, na pg_clog ikawa pg_xact kwa sababu hiyohiyo. Hati nyingi za mafundi ziliacha kufanya kazi kwa sababu ya mabadiliko hayo, na bado watunzi waliona gharama hiyo ni ndogo.

Mwaka huohuo dunia ya programu ilitazama mkasa wa GitLab, na kampuni yenyewe iliuandika hatua kwa hatua bila kumtaja fundi kwa jina. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 seva yao ya akiba ilikuwa imeachwa nyuma na seva kuu. Wakabadilisha mpangilio mmoja kwenye seva kuu na kuiwasha upya, na PostgreSQL ikagoma: semafo zilikuwa nyingi mno. Chanzo kilikuwa kiwango cha juu cha miunganisho: kilikuwa 8000, na kilikuwa hivyo kwa karibu mwaka mzima. Wakakishusha hadi 2000, ikawaka. Mpaka hapo ni ufundi mzuri: seva ilisema sababu, ikasomwa, ikarekebishwa.

Kilichofuata hakikusema kitu. Amri ya pg_basebackup, ya kunakili data kwenda seva ya akiba, ilikaa kimya. Ilikuwa inasubiri tu seva kuu iwe tayari, lakini kimya kile kilionekana kama kukwama. Fundi akadhani saraka ya data iliyopo kwenye seva ya akiba ndiyo inayozuia, akaamua kuifuta. Amri ya kufuta akaiandika kwenye dirisha la seva kuu. Alishtuka ndani ya sekunde moja au mbili na kuisimamisha, lakini kati ya gigabaiti kama 300 zilikuwa zimebaki takriban 4.5.

Nakala za akiba za kila siku hazikuwepo. Pg_dump iliyokuwa ikitumika ilikuwa ya toleo la 9.2 na seva ilikuwa ya 9.6, na pg_dump hukataa kusoma seva iliyo mpya kuliko yenyewe. Ilikuwa ikikataa kila siku, na barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa zikikataliwa na mtandao wa barua. Waliokolewa na nakala ambayo mmoja wao alikuwa ameichukua kwa mkono kama saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Urejeshaji waliuonyesha moja kwa moja kwenye YouTube. Baadaye, miongoni mwa mambo waliyopanga ni kuufanya mstari wa teminali utofautishe wazi seva moja na nyingine.

Hilo la mwisho unaweza kulifanya leo kwenye WSL. Weka rangi moja kwa PowerShell, nyingine kwa Ubuntu, nyingine kabisa kwa seva ya mbali. Na siku hifadhidata yako itakapowaka baada ya kugoma, kabla hujarudi kwenye kazi iliyokuchelewesha, iulize kwa pg_isready kama inapokea wageni. Halafu linganisha pg_dump --version na toleo la seva, chukua nakala kwa pg_dump -Fc, na uihifadhi nje ya vhdx. Unda hifadhidata tupu pembeni kwa createdb, irudishie nakala ile kwa pg_restore, na uhesabu rekodi za jedwali moja unalolijua vizuri.